Nambari Ishirini na Saba

Mwezi wa tatu, Maweni, kwenye machimbo ya mawe,
vumbi lilitua hata kwenye wino wangu.
Nilimuuliza maswali thelathini na mawili.
Kwenye hojaji hana jina, nilimwapia hivyo:
yeye ni nambari ishirini na saba, basi.
"Umewahi kukamatwa? Ndiyo au la."
Akacheka. "Weka ndiyo nyingi, dada."
Kisanduku kilikuwa kimoja.

Jioni, uwanjani Muyeye, wenzake humwita Chau,
kwa salamu aliyoiokota kwa Wataliano wa ufukweni.
Mimi ndiye mwenye kipenga, maji na plasta,
na faili la mashindano ya wasiofika miaka kumi na minane.
Nilizunguka mwezi mzima kulijaza,
mama zao wakifukua masanduku:
"Kadi ya kliniki? Panya, mwanangu. Mvua, mwanangu."
Mamake Chau aliitoa ndani ya foronya.

Leo, mahakamani Malindi, nimevaa suti ya binamu yangu Nyevu,
inanibana kwapani.
Mwanagenzi wa sheria: nabeba mafaili ya wakili Mselem,
sijaapishwa, sina ulimi humu ndani.
Karani anasoma:
"Mshtakiwa wa pili, Fondo Mwaro Baya,
mtu mzima, miaka kumi na tisa."
Nainua macho.

Chau.
Anafunga kifungo cha shati ambacho hakipo.

Nayajua majibu yake yote:
alikolala, alichokula, aliyempiga na kwa nini.
Ningeyasema yangemfaa? Huenda.
Lakini niliapa, na kiapo si leso,
useme upande huu umechafuka, nigeuze wa pili.
Nimeuma ulimi mpaka nikaonja chumvi.

Mkoba ndio ulionikumbusha, kwa uzito wake.
Kipenga. Plasta. Faili la mpira.
Na ile kadi, kona moja imeliwa,
wino wa muuguzi umefifia, ila tarehe
imebishana na panya ikashinda:
kumi na saba, na miezi minne.

Namwinamia wakili sikioni.
Hasemi kitu. Anaisoma, anaigeuza,
ananitazama kana kwamba ndiyo kwanza naingia.
Kisha kiti chake kinakwaruza sakafu:
"Mheshimiwa..."

Hakimu anatafuta miwani.
Kizimbani Chau ananiona, na midomo yake,
bila sauti, inauliza:
Jumamosi tunacheza?

Sijui, Fondo.
Katika maswali yote yale
hilo sikuliweka.