Mkono wa Kushoto

Kajaani, Januari. Theluji imefika madirishani,
wanaume wa makamo wamepanda mapaani na sepetu,
na usiku huu foleni nzima inauma kifua:
kiungulia, misuli, hofu, mapafu,
moyo wenyewe, mara mojamoja.

Miaka kumi na tisa napokea vifua
kama karani wa posta apokeavyo vifurushi.
Katika maelfu hayo
mshipa mkuu uliochanika nimeuona mara nne.
Nne tu. Ukiutafuta kwa kila mtu
utawakesha wazima mbele ya mashine ya picha;
usipoutafuta

Veikko Hautamäki, miaka sitini na mmoja, mrekebishaji wa piano,
alisema yalikuja ghafla, kama mtu kapasua shuka mgongoni mwake,
kisha yakapoa. Akaomba radhi kwa kutusumbua.
Karatasi ya moyo ilikuwa safi.
Eerik, daktari wa zamu, alikwisha kuandika dawa ya kuzuia damu isigande.

Sijui kwa nini niliushika mkono wa pili.
Kulia: mia na sabini na nane.
Kushoto: mia na kumi na mbili.
Nikafunga upya, nikidhani mpira unavuja.
Mia na kumi.

Eerik akaifuta dawa ile. Kalamu ilitoboa karatasi.

Aota ni koti lenye bitana.
Bitana ikifumuka, damu hujipenyeza kati ya nguo na nguo,
ikajichimbia njia isiyo yake,
na kila saa ipitayo inadai watu wake.
Dawa ile ingeifungulia mlango.

Helikopta ilizuiwa na theluji.
Kilometa mia na themanini hadi Oulu, kwa barabara.
Alipokuwa akifungwa mikanda aliniambia
mashine yetu inalia chini kidogo ya noti,
mtu aje airekebishe.

Walimfikisha Utajärvi.

Tuliujua ugonjwa, tukaujua mapema, na haikutosha.
Sasa napima mikono yote miwili, ya kila mtu.
Wenzangu hucheka; foleni hunung'unika.
Usiku huu ni mama mwenye kiungulia, sweta tatu mwilini.
"Huo mwingine wa nini?" anauliza,
huku akihangaika kuuchomoa,
na mimi nasubiri, sina haraka,
mashine ikilia chini kidogo ya noti.