Kwa Jina la Sikitu

Dirisha namba tatu, hospitali ya Mwananyamala,
karani kashika faili langu kwa pembe:
"Sikitu! Sikitu Mbwana yupo?"
Benchi likacheka kidogo, si kwa ubaya.
Nikainuka. Nikamwomba samahani karani.
Nikamwomba samahani na aliyenikanyaga.

Nesi Eliwaza aliniagiza nihesabu:
kila ukisema samahani, chora kistari.
Jumatatu, vistari arobaini na kimoja.
Kimoja ni cha kiti nilichokigonga.
Kimoja cha muuza mihogo pale Manyanya;
chenji yangu, mia tano, niliiacha mkononi mwake nikaenda,
maana mimi nani hata nidai?

Usiku nalala chali, nahesabu mizunguko ya pangaboi,
na humu kifuani kuna mtu anasoma matokeo
akianzia mkiani, kama mwalimu wetu wa Makurumla,
na jina la kwanza kusomwa ni lilelile.

Jumamosi nikaenda Mbagala kwa mama.
Anapeta mchele.
Nikauliza bila kupanga:
Mama, mliniona nini hata mkaniita hivi?

Ungo ukasimama.

Watatu walikutangulia, akasema.
Hakuna aliyefika arobaini.
Wa kwanza nilimwita Johari. Wa pili, Thamani.
Wa tatu hata sitaki kumtaja.
Aliyekuja kuwachukua aliwajua kwa majina.
Wewe ulipolia, bibi yako akafungua dirisha
akanadi nje, usiku ule, majirani wote wakasikia:
Si kitu! Hiki si kitu! Pita!
Akapita.

Kisha mama akarudi kwenye chuya zake.

Miaka thelathini na minne.
Uongo alioambiwa Izraili
nikausadiki mimi.

Sisemi nimepona.
Dawa bado nameza saa tatu usiku,
na juzi nimeitaka radhi mashine ya benki
iliponinyima hela zangu mwenyewe.

Ila leo kwa muuza mihogo nilisimama.
"Mia tano yangu ya siku ile."
Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka.
Akanipa bila hata kunitazama,
huku anageuza vipande kwenye karai,
kumbe kwake lilikuwa jambo dogo hivyo:
sarafu ya moto, ina mafuta, ina chumvi na pilipili.
Nikaifumbata mpaka nyumbani.

Nimelala ubavu,
kiganja chini ya shavu,
kinanuka mihogo.