Mbwa wa Maziwa

Kwanza nilimvisha mikanda mitupu,
azoee ngozi kifuani kama mtoto azoeavyo viatu.
Kisha gogo dogo. Kisha kigari chenye mawe.
Mwezi wa tatu ndipo nikapakia madumu,
ya shaba, yamejaa, yanagongana.

Njia yetu hapa Flandria ina vishawishi vyake:
paka wa kinyozi dirishani, bata wa mfereji,
watoto na mikate yao,
na bucha ya Odilon, inayonuka damu alfajiri.
Hapo Sander alipinda, gari likayumba.
Sikumpiga. Nilisimama tu,
nikangoja macho yake yarudi barabarani,
ndipo nikasema, "Twende,"
nikampa ganda la jibini.
Siku arobaini tulisimama pale.
Odilon akacheka: "Godelieve,
unamfundisha mbwa au unamwombea?"

Ya arobaini na moja, akapita.
Sikio moja tu liligeuka. Hilo nilimsamehe.

Leo, kando ya kanisa, nimemwona Sylvain.
Amerudi kutoka Roubaix, ana mke, ana kofia mpya.
Macho hayana pazia.
Nikasahau kuwa nina miguu.
Maziwa yakaendelea bila mimi,
madumu yakilia, kona ya kwanza, ya pili,
hadi nyumba ya nane, kwa mjane Amelberga,
na hapo yakanyamaza.

Nilifika nikihema, kilemba begani.
Sander hakunigeukia. Alitazama mbele.
Nikampa ganda lake la jibini.
"Twende," nikasema,
ingawa si yeye aliyehitaji kuambiwa.