Kujumlisha

Daftari lake lina jalada la kijani, pembeni limelowa mafuta.
Nyuma pamechapwa jedwali la kuzidisha.
Miaka mitatu tulizidisha vidonge;
hakuna aliyejumlisha.

Ukurasa wa kwanza, mwandiko wangu: homa, viungo. Mseto.
Wa pili, mwandiko wangu tena: homa. Mseto.
Wa nne ni wa Kitangari: mzio wa ngozi, apake losheni.
Wa saba, Newala mjini: mimba imetoka, miezi mitano.
Wa tisa: vidonda vya mdomo, asukutue kwa maji ya chumvi.
Kila ukurasa ulisema kweli.
Kila ukurasa ulikaa peke yake.

Somoe Nambuta amebangua korosho tangu ana miaka kumi na mitatu.
Vidole vikiungua mafuta ya ganda, vikapona, vikaungua.
Basi vilipoanza kubadilika
mama mkwe akasema ni korosho,
mume akasema ni korosho,
na mimi niliyesomeshwa nikaandika: korosho.

Mpaka asubuhi moja ya Julai,
ukungu umepanda kutoka bonde la Ruvuma, umekaa hadi kizingitini.
Alinawa nje ya mlango wangu, maji ya tangi yaliyolala baridini,
akaingia mikono kaificha kangani.
"Nyoosha."
Vidole vitatu vyeupe, muhogo uliomenywa,
mpaka wa weupe kama umekatwa kwa kisu.
Nikitazama, vikageuka rangi ya wino.
Kisha damu ikarudi, naye akauma meno.

Mafuta ya korosho hayaendi yakarudi.

Nikavuta kiti chake hadi dirishani.
Vitabu vyangu viliandikiwa ngozi nyingine:
wekundu wa kipepeo mashavuni, vilisema,
nami miaka yote nikangojea wekundu.
Kwake ulikuwa weusi juu ya weusi,
umepanda shavu, umevuka pua, umeshukia shavu la pili.
Bibi yake alichanjwa chale usoni kwa ngoma na fahari.
Yeye amechorwa bila kuulizwa.

"Nywele?" Akafungua kilemba, akatazama sakafu.
"Jua?" "Nikishinda shambani, usiku nalala na homa."
"Mkojo?" Akacheka kwa aibu:
"Una povu, kama maji ya kufulia."
Kijiti kikawa kijani kibichi kabla sijahesabu kumi.

Nikaandika LUPASI, kisha alama ya kuuliza.
Katika daftari lile lote
sijaandika kitu cha kweli kama ile alama.

Damu ikateremka Mtwara kwenye boksi la barafu,
ikapanda basi la Dar. Wiki tano.

"Ni nini hasa?" aliniuliza majibu yaliporudi.
Wahenga walipekua nguo tu wakitafuta kinachotula;
ngozini hawakufika.
Nikasema: "Mumeo si analinda ghala la chama?
Fikiria usiku mmoja asimtambue mwenye korosho,
ampige, avunje na mlango,
huku akiamini anafanya kazi."
"Na mlinzi huyo hafukuzwi?"
"Ukimfukuza, wezi wa kweli wataingia. Anatulizwa."
"Wangu hatuliziki," akasema,
na hapo tukacheka wote, vibaya, kama watoto msibani.

Kidonge kimojawapo walichompa Ligula ni ndugu wa klorokwini,
ile chungu ya utotoni iliyotuwasha mwili mzima.
Alikigeuzageuza kiganjani.
"Ukoo wa dawa ya malaria. Kumbe mlikuwa mnapapasa mlango wa jirani."

Povu bado lipo, siku nyingine.
Ukurasa wa saba haufutiki.

Leo amekuja kijana mwenye daftari la bluu.
Anasema magoti. Nje foleni inakohoa.
Kalamu nimeiweka chini.
Nasoma kwanza.