Droo ya Newala

Nilipewa Newala niitunze.
Hakuna mwingine aliyeiomba.
Nywila ilikuja saa tano za usiku
nikiwa nyuma ya duka la Chitanda,
kati ya madaftari na maboksi ya chaki:
mhariri wa kujitolea
wa saraka ya tovuti zote za dunia.
Mshahara, asante.

Kufika kwetu ni safari.
Bofya Maeneo. Bofya Afrika.
Shuka Mashariki, shuka Tanzania,
shuka Mtwara, shuka tena,
ndipo Newala, tovuti tatu:
shule ya misheni, chama cha msingi cha korosho,
na moja iliyokufa tangu masika.

Kufika kwao, hata kiti hakijapata joto.
Bofya Historia: yao.
Bofya Sheria: yao.
Bofya Hali ya Hewa,
theluji inakudondokea palepale dukani.
Mpira wao unaitwa Mpira.
Wetu unaitwa Mpira, Maeneo, Afrika, Mengineyo.

Shimo la Mungu nililituma mwenyewe, na picha:
ukingo wa uwanda, ukungu wa alfajiri,
bonde linavyodidimia kuelekea Ruvuma.
Kesho yake nikalikuta kwenye Dini,
katikati ya mahujaji na wauza rozari.
Korosho wamezitia Vitafunwa vya Sherehe.
Vinyago, Mapambo ya Sebule.

Sebule ya nani? nikaandika.
Na nchi yenu mbona haina droo?

Mkubwa wa ngazi ya juu,
ambaye jina lake ni herufi mbili tu,
alijibu kwa adabu kabisa:
hawajaona haja, wasomaji wengi
wanajua tu.

Nikaisoma mara tatu.
Kumbe asiye na droo ndiye kabati.

Nilimweleza shangazi Somoe, ametoka ghalani
kuchambua korosho tangu asubuhi,
daraja la kwanza huku, la pili kule.
Hakushangaa.
"Mwenye mizani," alisema, "umewahi kumwona akipanda juu yake?"

Basi nikachukua daftari la kurasa mia, kwa mkopo,
nikaipanga dunia upya.
Maji: zamu ya Jumanne, ndoo sita kila kaya.
Historia: yetu, bila maelezo.
Hali ya Hewa: vumbi, kisha matope.
Mpira: uwanja wa nyuma ya soko, goli moja lina nguzo.
Na mwisho wa ukurasa, kwa herufi ndogo,
Kwingineko.
Humo nikawatia wote, Ulaya, Marekani, Japani,
theluji na wenye theluji,
mistari miwili, nikacheka peke yangu
mpaka Chitanda akagonga ukuta.

Shangazi hasomi haraka.
Hufuata maneno kwa kidole,
kidole kilichoungua kwa kubangua,
na kidole kikasimama.
"Msumbiji umeitia wapi?"
Kwingineko.
"Na Mueda?"
Kwingineko, shangazi.

Akanyamaza kama anayehesabu magunia.
"Mama yangu kazikwa Mueda.
Kaka yangu Likonda anavuka na mtumbwi
akileta kuku, anarudi na sabuni,
na Kimakonde chake hakijabadilika
hata siku moja katikati ya maji.
Wewe nani kakupa kalamu
ya kumfanya mgeni?"

Nikatafuta pa kumweka bibi.
Kwenye saraka, kanuni ya saba:
kitu kimoja, droo moja.
Kwenye daftari langu hakuna kanuni,
na bado sikupaona.
Nikashika kifutio, nikaifuta Kwingineko,
nikaifuta sana,
karatasi ikatoboka.

Kwa tundu lile ukaonekana ukurasa wa chini,
mweupe, haujaandikwa kitu.
Nilitaka kusema neno.
Umeme ukakatika.
"Lala," akasema shangazi gizani, "kesho mnada,"
na nikamsikia akipapasa meza
akilitafuta daftari, au kiberiti.