Zamu ya Jumatano

Zamu yetu ni Jumatano, saa tisa usiku.
Kwanza koki inakohoa. Upepo unatoka,
mita inazunguka, tunalipia pumzi.
Kisha kutu. Kisha, ukishakata tamaa,
maji baridi, membamba kama uzi wa kushonea,
na Kidawa keshapanga madumu yake
kuanzia mlangoni hadi uani, mtoto hajaamka.

Nilipohamia hapa Tabata nilikuwa na mkono wa kumwaga.
Nilipiga mswaki koki ikiwa wazi.
Siku moja akaja na sufuria, akaikinga, kimya.
Nilipomaliza kusukutua ilikuwa imejaa pomoni.
"Huu ni ubwabwa wa wateja wanne," akasema,
akaondoka nao.

Kwake maji hayafi kifo kimoja.
Yaliyoosha mchele yanakwenda kwenye mchicha
alioupanda ndani ya viroba vya saruji.
Yaliyosuuza kanga yanafua matambara,
yaliyofua matambara yanadeki kibaraza,
na yakishachoka kabisa, meusi, yananuka sabuni,
ndipo anayapeleka chooni
polepole, kama anayemsindikiza mgeni.

Lakini si hilo nililotaka kusimulia.

Masika ilipoanza, Bwana Mbwera, mwenye nyumba,
alileta kijana na sululu.
Mvua inapiga, mtaro umefura: ndiyo saa yao
wanaotapisha vyoo. Unafungua shimo,
mvua inabeba, kukicha hakuna ajuaye ni cha nani.
Bondeni, nyumba sita chini yetu,
kuna kisima cha Mama Sikudhani.
Sote tunachota pale koki ikigoma,
Bwana Mbwera naye.

Kidawa akatoka na mbuzi yake ya kukunia nazi,
akaitega juu ya mfuniko wa shimo, akaketi.
Kanga ikamganda mwilini.
"Nyumba ni yako," akamwambia,
"maji yaliyo chini yake si yako."
Kijana akaitazama sululu.
Mwenye nyumba akatazama saa.
Mimi nilikuwa dirishani, mkavu,
na sijui nini kilinitoa; labda ile sufuria.
Nilikwenda na mwavuli wenye mbavu mbili zilizovunjika.
Haukutukinga hata mmoja wetu.

Tulichangishana. Gari la majitaka lilikuja Ijumaa,
likameza, likalipwa, likaenda zake.
Mwezi uliofuata kodi ikapanda.
Kidawa bado anamsalimia Bwana Mbwera,
na bado anampimia wali uliojaa sahani.

Leo Jumatano. Saa kumi kasoro.
Maji yamekwisha katika, koki yangu imebakiwa na tone
lisilotaka kulala ndani: to. To. To.
Nimelikingia sufuria.
Mpira wa koki ni mia tano dukani kwa Mangi;
nimeahidi tangu Ramadhani.
Ukutani, upande wa pili, Kidawa anagonga mara mbili.
"Jirani," anasema, "hilo tone lako linazaa."