Safu ya Saba

Karatasi ya idara ina safu sita:
namba, unene, urefu, mwinuko,
dume au jike, hai au mfu.
Nimepewa kamba ya kupimia, penseli moja,
na mlima mzima wa Moroto juu ya Tapac
ambako mitarakwa imejibanza
miambani, shoka lisipofika bila kutoa jasho.

Namba moja. Dume. Nilipougusa
ulinimwagia vumbi la manjano hadi kwenye kope,
nikapiga chafya mbele ya mbuzi wa watu.
Namba mbili. Jike. Vitunda vya buluu
vimepakwa unga mwembamba, kama vimetoka kinuni.
Kwenzi walishanitangulia kuhesabu,
kwa midomo.

Lokeris, anayenionyesha njia, hasemi "msitu".
Husema: "pale penye harufu."

Chuoni tulisoma kwamba jamaa zake wengi
wako kaskazini, wanavaa theluji,
wengine Yemeni, ukingoni mwa majabali;
huyu peke yake ndiye aliyevuka Ikweta,
tumboni mwa ndege, kilele hadi kilele,
akiyaruka mabonde ya joto asiyoyaweza.
Kadam, Napak, Morungole:
kila mlima na ukoo wake. Hawatembeleani.

Namba thelathini na nane.
Jike, peke yake kwenye mgongo wa chini,
amezungukwa na visiki na majivu ya tanuri la mkaa.
Matawi yameinama kwa vitunda.
Nilikipasua kimoja kwa ukucha:
mbegu ipo, kiini hakuna.
Nikatazama juu, nikatazama chini,
upepo ulipita mikono mitupu.
Nikaandika: hai.
Ncha ikavunjika.

Lokeris aliichonga penseli kwa kisu chake,
akanusa maganda, akatema mate.
"Sio wetu. Huu mti wa ugenini."
Nikamwambia zamani hata mtarakwa
ulikatwa ukafanywa penseli, ukapelekwa mbali.
Alilitazama daftari langu
kana kwamba limeiba.

Jioni tulishukia kwa mama Nachap.
Zizi lake lina nguzo kumi na moja za mtarakwa
alizozichimbia mumewe mwaka wa kipindupindu.
Mume yuko chini ya mawe.
Ng'ombe walichukuliwa kwa bunduki, wakarudishwa kwa bunduki,
wakachukuliwa tena.
Mchwa wamekula mlango, kigoda,
na jana usiku kisigino cha kiatu changu;
nguzo hawajaziuma.
Niliegemea ile ya kona. Jua lilikuwa limeipasha,
ikanipumulia shingoni
harufu ileile ya kule juu.

Hai? Mfu?
Nikalaza kiberiti kiwe rula,
nikachora safu ya saba, sikuipa jina,
nikatia alama kumi na moja.

Mama Nachap alisimama nyuma yangu na kibuyu cha maziwa,
hajanipa bado.
"Hizo unazozihesabu," akauliza,
"mnakuja kuzichukua lini?"